Kibao cha kuandika na kufuta: mwaka na miezi minne mikononi mwa baba yangu

Majirani kama watatu wameshanisimamisha kuniuliza kile kibao cheusi anachokaa nacho baba barazani ni kitu gani na nimekitoa wapi, na juzi tena kliniki nimekutana na dada mmoja ana mgonjwa wa koo kama wetu akaniomba nimwandikie vizuri anunue akiwa anajua anachonunua, kwahiyo naandika mara moja kila kitu, na nitaandika kirefu kwa sababu hela yangu ya kwanza niliipoteza kwenye kibao kibovu na sitaki mwingine apoteze yake.

Madukani wanakiita LCD ya kuandikia, wengine tableti ya kuandikia, watoto wangu wanasema kibao tu na mimi nitasema hivyo hivyo. Kwa kukitazama ni bapa la plastiki jembamba, jepesi kuliko daftari kubwa, lina kioo cheusi laini kinachobonyea kidogo, pembeni kimechomekwa kijiti cha plastiki kisicho na wino wowote, na chini kuna kitufe kimoja. Unaandika kwa kile kijiti mstari unatokea wa kijani, ukibonyeza kitufe kioo kinamulika mara moja kama mtu kapiga picha halafu vyote vimefutika. Ni hicho tu. Hakina intaneti, hakina gemu, hakichajiwi.

Baba alifanyiwa upasuaji wa koo, akatoka na tundu la kupumulia shingoni na sauti ikawa haipo tena. Mtu aliyekuwa anaongea kutwa nzima, anasimulia, anagombana na redio, ghafla kimya. Tukamnunulia kaunta buku na kalamu, na akawa anaandika kweli, miezi miwili alimaliza matano. Sisi tulidhani tatizo ni gharama ya madaftari. Mama ndiye aliyeona tatizo lenyewe. Alimkuta siku moja anachana kurasa, anazikunja ndogo ndogo anaweka mfukoni, akamuuliza kwa nini, akaandika kwamba kila mgeni anayekuja analichukua hilo daftari analifungua.

Nilipolipitia mwenyewe nikaelewa. Yalikuwa yamebaki yote mle. Nataka chooni. Nimechoka huyu aondoke. Msimpe huyo hela hatarudisha. Hii chupi imelowa. Sisi wengine tukiongea maneno yanaondoka na upepo, hata uliyoyasema kwa hasira jana leo hayapo, mtu hawezi kuja kuyafungua mezani akasoma. Ya baba yalikuwa yanakaa, kwa mwandiko wake, ukurasa hadi ukurasa, wakwe wanasoma, watoto wa jirani wanasoma. Hapo ndipo nikaanza kutafuta kitu ambacho akiandika kinafutika, na ninaomba yeyote mwenye mgonjwa wa namna hii alishike hili kwanza kabla sijafika kwenye bei na inchi: anahitaji kuandika, sawa, lakini anahitaji pia kufuta, na afute mwenyewe.

Tulijaribu kwanza ubao mweupe mdogo na maka pen. Ilikauka kila siku ya tatu, ikachafua mashuka, na ile harufu yake kwa mtu anayepumulia shingoni haifai kabisa, alikohoa mpaka tukaitupa.

Kibao cha kwanza nilinunua Kariakoo, duka silitaji, shilingi 12,000, inchi 8.5, ile ya rangi rangi ambayo ukivuta mstari kutoka juu kuja chini unatoka kama upinde wa mvua. Nilimwambia muuzaji kaka namnunulia mzee mgonjwa, akanijibu dada chukua hii hii, ya rangi moja imeshapitwa na wakati, mzee ataifurahia. Nikachora ua moja katikati, nikalipa kwa simu, nikawahi gari. Nyumbani ndio naona kona ya chini kulia haiandiki, eneo kama la kadi ya benki limekufa, neno likifika pale linakatika. Kesho yake nikarudi naambiwa ukishatoka nje ya mlango ni mali yako. Shilingi 12,000 kwangu ni mboga ya siku tatu, iliniuma sana.

Na hata kingekuwa kizima kisingemfaa. Zile rangi hazichagui wewe unataka nini, ni milia imepangwa toka kiwandani, chini ni bluu na zambarau na itabaki bluu na zambarau hapo hapo. Baba ana miaka 71, bluu juu ya nyeusi haioni. Kwahiyo alikuwa anaandika mistari mitatu ya juu kwenye kijani na manjano halafu anafuta, anaandika mitatu tena anafuta, mazungumzo yakawa vipande vipande.

Ila kilichonifanya nikiweke pembeni ni kukosa loki. Baba mdogo alikuja kutoka Muheza kwa habari ya mpaka wa shamba, na mwenye kujua ule mpaka vizuri ni baba peke yake. Akaandika karibu dakika kumi, herufi ndogo ndogo kubana nafasi, mchungwa upi ni wa nani, jiwe liko wapi, nani alipanda ile michikichi na mwaka gani. Mwanangu mdogo wa miaka mitano alikuwa amekaa ubavuni kwake, akanyoosha kidole akabonyeza. Kioo kikamulika, kikawa cheusi. Baba alikitazama, akamtazama mtoto, akaweka kijiti chini taratibu akageukia ukutani. Hakuandika tena mpaka usiku. Mtoto hana kosa, kitufe kiko wazi kinang'aa na yeye anaona babu anakibonyeza kutwa. Kosa ni la anayetengeneza kitu cha kuandikia bila kuweka namna ya kuzuia kufuta, na la mimi kununua bila kuuliza.

Wiki ile ile nikaenda duka jingine nikanunua cha pili, ndicho alichonacho hadi leo: inchi 12, mwandiko wa rangi moja ya kijani, nyuma kina swichi ndogo ya loki, mfuniko wa betri umefungwa kwa skrubu, 25,000 baada ya kupatana. Safari hii nilimaliza kujaribu ndipo nikatoa hela. Nililaza kijiti ubavu nikakipitisha kioo kizima kama mtu anayepaka rangi ukuta, kona zote nne, nikafuta mara tano, nikaweka loki nikabonyeza kitufe kuona kama kweli hakifuti, nikakitazama nje ya mlango kwenye mwanga. Muuzaji alinivumilia, Mungu ambariki.

Siku ya kwanza kimefika nyumbani, mwanangu mkubwa alirudi shule akasema shikamoo babu. Toka apoteze sauti baba alikuwa anaitikia kwa kuinua mkono, na mtoto ameshazoea, anasalimia huku anapita. Siku hiyo mkono haukuinuka, kikainuka kibao, kimeandikwa MARAHABA kwa herufi zilizojaa kioo chote. Mtoto alisimama mlangoni na begi mgongoni akaisoma kwa silabi, ma, ra, ha, ba, alikuwa darasa la pili anahangaika na kusoma, akacheka akaja akamkumbatia. Tangu hapo imekuwa kawaida, mzee anaiandika saa saba mchana, anakiegemeza ukutani kikimsubiri mtoto wa saa tisa, na mtoto hapiti bila kusoma. Wakaongeza. UMEKULA. KALAMU YAKO IKO WAPI. MWALIMU AMESEMAJE. Mwanangu kujua kusoma haraka mwaka ule mimi nakipa sifa hicho kibao na babu yake.

Sasa huyo huyo mtoto ndiye aliyeniuliza wino unakaa wapi. Sikuwa na jibu, nikaanza kusoma, na nilichokikuta kimenifanya nikithamini zaidi kitu hiki cha elfu ishirini na tano.

Wino haupo. Ile kijani siyo rangi iliyopakwa wala taa inayowaka ndani, ni mwanga wa dirishani unaorudishwa. Kama unyoya wa tausi: ndani yake rangi iliyomo ni ile ya kahawia nyeusi kama ya nywele zetu, ila umbile lake limepangwa vijiti vidogo mno kwa nafasi sawasawa, na zile nafasi ndizo zinazochagua mwanga upi urudi machoni. Kinyonga naye, watafiti wa Geneva walionyesha mwaka 2015 kwamba kinyonga wa Madagascar ana fuwele ndogo ndogo (vipande ambavyo chembe zake zimejipanga kwa utaratibu, kama punje ya chumvi) kwenye ngozi, akichangamka anazitanua mbali mbali na ngozi inatoka kijani inaelekea manjano. Vitu vilivyopangwa kwa mfumo huu wa kuchagua mwanga wanafizikia wanaviita fuwele za fotoni, na waliofungua njia ya elimu yenyewe mwaka 1987 ni Eli Yablonovitch na Sajeev John, kila mmoja na utafiti wake.

Ndani ya kibao kuna kitu kinaitwa fuwele kimiminika. Kinatiririka kama mafuta mazito lakini molekuli zake zimejipanga kama fuwele, na hizi za kwenye kibao zimejipanga kwa kujinyonga, kila safu imegeuka kidogo kuliko iliyo chini yake, kama ngazi za kuzunguka ndani ya mnara wa msikiti. Mzunguko mmoja kamili wa hiyo ngazi ni mfupi kuliko sehemu ya elfu moja ya milimita. Urefu wa huo mzunguko ndio unaoamua rangi: huu unarudisha kijani, ukiwa mfupi zaidi unarudisha bluu, mrefu zaidi nyekundu. Kikishafutwa zile ngazi zimelala ovyo ovyo, mwanga unapita katikati yake mpaka nyuma kwenye tabaka jeusi linaumeza, ndio unaona kioo cheusi. Ukikandamiza kijiti, kile kimiminika kinasukumwa pale pale ulipobonyeza, ngazi zinasimama zikajipanga, kijani kinatokea. Na uzuri wake hali zote mbili zinatulia zenyewe, hazihitaji umeme kukaa. MARAHABA ya saa saba inafika saa tisa, ingefika hata wiki ijayo, betri haijaguswa. Betri inatumika sekunde ile tu ya kufuta, umeme unapiga mara moja na ngazi zote zinavurugika.

Hii fuwele kimiminika ilianza na mtaalamu wa mimea wa Austria, Friedrich Reinitzer, mwaka 1888 pale Prague. Alikuwa na kemikali aliyoitoa kwenye karoti, akaipasha moto, akaona inayeyuka mara mbili: kwenye nyuzi 145.5 ikawa uji wenye ukungu, na kwenye 178.5 ndio ukungu ukatoweka ikawa angavu. Kile cha katikati ndicho hiki. Na kibao chenyewe kwa umbo hili kilitoka mji wa Kent, jimbo la Ohio kule Marekani, ambako chuo kikuu chao kilikuwa na taasisi ya fuwele kimiminika toka 1965. Kampuni iliyozaliwa pale, Kent Displays, mwaka 2010 ikatoa kibao kinaitwa Boogie Board. Hivi vya kwetu vya Kariakoo vinafanya kazi kwa mtindo huo huo.

Nimeyaeleza haya kwa sababu kero zote za kibao zinatoka humo humo, na ukijua unajua cha kufanya.

Kero kubwa ni giza. Kwa kuwa hakina taa yake, umeme ukikatika usiku baba ni kama kapoteza sauti mara ya pili, anaandika lakini huoni kitu. Halafu zile ngazi zimejinyonga upande mmoja, kwahiyo zinarudisha mwanga unaozunguka upande wao tu, nusu nyingine inapotea nyuma, ndio maana mstari hauwezi kung'aa kama karatasi nyeupe hata ufanyeje. Chumba chenye taa hafifu mwandiko unakuwa wa kubahatisha. Sisi tumemwekea taa ndogo ya sola juu ya kitanda, na tochi ya simu ukiimulika kwa pembeni, siyo kwa mbele, inasomeka vizuri. Kinyume chake mchana juani ndio nyumbani kwake. Saa sita barazani, simu huoni hata nani anapiga, kibao kinasomeka kutoka upande wa pili wa uwanja.

Kuna siku nilikaa nacho nikiwa nimeandika jina langu nikakilaza taratibu huku natazama. Nikikitazama kwa mbele herufi ni za kijani cha jani bichi la mgomba, nikizidi kukilaza kijani kinapoa, kinaelekea ule wa maji ya bahari, na nikikitazama karibu na ukingo kabisa ni bluu. Herufi zile zile sijazigusa. Ni kwa sababu mwanga ukiingia kwa mshazari ile ngazi inachagua mwanga wa bluu. Ni nzuri kuitazama lakini kwa mgonjwa aliyelala ina maana yake: shika kibao kimtazame usoni, ukisimama kando ya kitanda ukakisomea kwa ubavu unasoma bluu hafifu juu ya nyeusi na utamkosea maneno.

Kero ya pili ni kwamba kila kinachobonyeza kinaandika. Kucha inaandika, ukingo wa sahani unaandika, mtoto akiegemea kiwiko kinatokea duara. Ukikitupa kwenye begi na funguo na vitabu kinatoka kimejaa mistari. Loki inazuia kufuta tu, haizuii kuandikika. Mimi nilimshonea baba mfuko wa kitambaa nikaweka kipande cha boksi gumu upande wa kioo, ukaisha ugomvi. Faida yake upande mwingine ni kwamba kijiti kikipotea hamkwami, tumeshatumia mpini wa mswaki na mpini wa kijiko. Ila msitumie kalamu ya kawaida ya wino wala chochote chenye ncha kali, cha kwetu kina kovu moja la bisibisi ambalo likipigwa na mwanga linaonekana na halitatoka milele. Kijiti tumekifunga uzi.

Ya tatu, hakifuti neno moja. Umekosea herufi moja unafuta vyote au unakata kwa mstari unaendelea. Na hakihifadhi chochote. Kwa baba hiyo ndiyo sababu tumekinunua, lakini yako mambo ya kutunza, kama ule mpaka wa shamba, siku baba mdogo aliporudi alipiga picha kwa simu kila kioo kilipojaa, picha sita, akaenda kuzichapisha Muheza. Piga ukiwa kivulini umeinamisha simu kidogo, ukipiga wima kioo kinarudisha sura yako.

Joto nalo. Dereva wa bajaji alikisahau dashibodi tukiwa hospitali, jua la mchana, tuliporudi mwandiko ulikuwa umepauka na kioo kina mabaka mabaka. Kilipopoa nikafuta mara mbili tatu kikarudi, lakini moyo ulishastuka. Usikiache juani kwenye gari.

Betri yake ni ile bapa ya duara kama sarafu, kama za rimoti za gari. Boogie Board ya kwanza walisema betri moja inafuta mara 50,000. Hivi vyetu maboksi yanaandika namba yoyote inayowapendeza wenyewe, siziamini, ila hesabu ni rahisi: hata ukifuta mara 50 kwa siku, mara 50,000 ni siku 1,000. Baba anafuta zaidi ya hapo siku za wageni na mpaka leo hatujabadilisha.

Lakini hapa kwenye betri nataka mzazi asome polepole. Ile betri ya sarafu mtoto akiimeza ikakwama kooni inaunguza nyama ndani, madhara makubwa yanaweza kuanza ndani ya saa mbili, hata kama betri ilishakuwa dhaifu. Haisubiri kesho, haisubiri mtoto aitoe chooni, ni kukimbia hospitali saa hiyo hiyo na kuwaambia amemeza betri. Kile kibao changu cha kwanza cha rangi rangi, kinachouzwa kwa ajili ya watoto, droo yake ya betri ilivutika kwa ukucha bila skrubu yoyote. Nimekaa na baba wodini, nimeona koo lililoungua na kukatwa linavyokuwa, siwezi kukaa kimya kwa hili. Dukani geuza kibao, tazama kama kuna skrubu, kama hakuna rudisha hata kama ni bure.

Watu wananiuliza pia kama kinafaa shule. Kwa mtoto wa darasa la kwanza na la pili anayejifunza kuumba herufi na hesabu za kujumlisha kinafaa sana, anakosea anafuta, hachani karatasi, haogopi. Kwa wa darasa la tano kwenda juu hapana, anahitaji daftari mwalimu asahihishe na yeye arudie, na ule mkono wa kuteleza kwenye plastiki unaharibu mwandiko, mwanangu nilimwona herufi zinaanza kunenepa nikampunguzia. Fundi cherehani wa hapa mtaani amenunua chake cha kuandikia vipimo, akishakata anafuta, anakisifia. Muuza chips naye alijaribu, mafuta ya mikono yakafanya kioo kiteleze akarudi kwenye kipande cha boksi.

Nikiwa nasoma hayo mambo nilikuta kwamba wapo wanaotafuta kitu cha mbele zaidi, karatasi yenyewe, inayokunjika, unaandika unafuta. Profesa Yadong Yin wa chuo kikuu cha California, Riverside, na wenzake mwaka 2009 walitengeneza karatasi ya fuwele za fotoni ambayo wino wake ni maji yenye chumvi: unaandika kwa maji ya chumvi, karatasi inavimba pale ulipoandika, nafasi kati ya chembe zinatanuka na rangi inabadilika, ukitaka kufuta unaosha kwa maji. Mwaka 2017 wakatoa nyingine ya njia tofauti, wamepaka karatasi ya kawaida chembe ndogo mno, inachapwa kwa mwanga wa urujuanimno (UV, ule usioonekana kwa macho), maandishi yanakaa siku tano kabla hayajafifia yenyewe, au ukiipasha joto nyuzi 120 dakika kumi inafutika, na waliirudia mara zaidi ya 80. Nilimsomea baba ile ya maji ya chumvi. Akavuta kibao akaandika: CHUO CHA KURANI PANGANI TULIKUWA NA UBAO WA MBAO, TUNAANDIKA KWA WINO, TUKIHIFADHI SURA TUNAOSHA KWA MAJI. Akafuta. Akaandika tena: MWALIMU ANAPOKEA MAJI HAMWAGI OVYO. Nilikuwa sijawahi kusikia hiyo habari ya utoto wake, sauti yake ingalipo wala tusingefika huko.

Kwa matumizi ya mgonjwa hiyo karatasi ningeipenda kwa wepesi wake, kibao cha inchi 12 kikishikwa na mkono wenye dripu kinachosha. Lakini najiuliza jasho letu la pwani lenye chumvi lingeifanya nini hiyo karatasi ya chumvi, na nani wa kuosha kitandani. Hadi itakapofika dukani na ikajibu hayo, kibao cha plastiki kinatutosha.

Kwahiyo dada yangu wa kliniki na wengine mlioniuliza: mtu mzima mchukulieni inchi 10 au 12, msikubali inchi 8.5 hata akiipunguza vipi maana herufi za mzee ni kubwa na mkono unatetemeka. Rangi moja, ya kijani au ile nyeupe ya kijani kijani, siyo upinde wa mvua. Loki lazima. Skrubu kwenye betri lazima. Jaribuni kona zote nne kabla hela haijatoka kwenye simu. Nunueni viwili kama uwezo upo, kimoja cha mgonjwa na kimoja cha watoto, kwa sababu watoto watakitaka tu na mgonjwa hapaswi kuomba sauti yake kwa mjukuu. Bei ya inchi 12 mimi nimeiona kati ya 20,000 na 30,000, ikizidi hapo patana au hama duka. Na mkishampa, msimsomee kwa sauti mbele za watu alichoandika, mwacheni yeye ndiye akigeuze kwa anayetaka asome. Baba siku hizi anaandika, anamgeuzia mama peke yake, mama anasoma anatabasamu, na kabla mimi sijafika karibu kidole chake kimeshabonyeza kitufe.